Harusi ya ufukweni Dar: anza na jua na maji, kamera baadaye

Mkuu, umeuliza kwamba umepewa harusi ya watu kama 120 kwenye ukumbi wa ufukweni Msasani, maharusi hawataki kupangwapangwa, wanataka picha za raha. Unataka kujua ubebe lenzi zipi, taa za usiku uzifanyeje na ratiba uiweke vipi. Naanza na ratiba, maana ndiyo inayoharibu picha nyingi za harusi za ufukweni hapa mjini.

Pwani ya Dar sehemu kubwa inatazama mashariki. Coco, Mbezi na Kunduchi jua huchomoza baharini na jioni huzama nyuma ya majengo. Ukiwaahidi maharusi picha ya jua likizama majini na ukumbi uko Mbezi Beach, umeahidi kitu ambacho hakipo. Upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, kama pale Slipway, ni kinyume chake: unatazama ghuba na jua linashuka upande wa maji. Ulivyosema Msasani tu hujasema kitu bado. Nenda ukumbini siku chache kabla, saa ileile ya picha, na dira ya simu mkononi. Ukumbi unaotazama mashariki nao una uzuri wake, kwa kuwa jua la jioni linawapiga maharusi usoni na bahari nyuma yao inabaki na rangi yake. Tatizo ni kwamba ghorofa, minazi na mivinje huanza kutupa kivuli mchangani mapema, hivyo mwanga mzuri unaweza kukuishia nusu saa au zaidi kabla jua halijazama.

Dar jua huzama kati ya saa 12 na dakika 10 hivi, miezi kama Mei na mwishoni mwa Oktoba, na karibu saa 12 na dakika 45 mwishoni mwa Januari na Februari. Baada ya hapo una dakika ishirini na kidogo tu, kisha ni giza. Sasa hesabu kurudi nyuma. Ibada ikianza saa 8 mchana itaisha saa 9 na nusu, watu watapongezana nje ya kanisa, msafara utaondoka na matarumbeta mbele, na msafara wa matarumbeta haukimbii. Usipozungumza na kamati mapema, maharusi watafika saa 12 na nusu na MC atataka waingie ukumbini papo hapo. Omba wawe ufukweni saa 11 kasorobo: dakika 30 za familia, dakika 40 zao wawili. Ombi hili lipeleke kwa mwenyekiti wa kamati na MC wote wawili, kwa maandishi. Ukimwambia bwana harusi peke yake, siku ile hatakumbuka.

Picha za familia zisizidi makundi 10, kila moja dakika 2 au 3. Orodha iandikwe na mtu wa kila upande, na kila upande utoe shangazi au mjomba anayejua sura za watu, yeye ndiye aite. Wewe huwezi kumjua baba mdogo kwa kumtazama.

Kuna suala la maji, ambalo wapiga picha wengi hawaliangalii kabisa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3, na maji huwa yamejaa karibu saa 10 hadi 11 jioni. Sehemu nyingine mchanga wote unafunikwa na mawimbi yanapiga ukuta wa hoteli. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, jioni ileile maji yamepwa, ingawa hayaendi mbali. Kati ya hapo saa ya maji kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Kwenye ghuba maji yakitoka unabaki na tope, mwani na boti zilizolala ubavu. Tazama jedwali la maji ndipo uchague kama picha za wawili zitakuwa mchangani, gatini au bustanini.

Upepo nao uuheshimu. Kaskazi inavuma Desemba mpaka Machi, kusi inashika kuanzia Aprili hivi. Bibi harusi atazame upepo unakotoka, shela na nywele virudi nyuma. Akiupa mgongo, kila picha itakuwa na shela usoni. Mwavuli wa taa usiufungue kabisa ufukweni, utaondoka na stendi.

Lenzi: kamera mbili, moja na lenzi ya milimita 35 (pana), nyingine na ya 85 (ya kuvuta), au 24-70 na 70-200 kama ndizo ulizonazo. Usibadilishe lenzi mchangani. Halafu AC. Bibi harusi anavalishwa kwenye chumba cha baridi, ukitoka na kamera kwenye joto na unyevu wa Dar kioo kinajaa ukungu na utapoteza dakika 15 za mwanzo. Vifaa vya ufukweni viache nje ya AC tangu mapema, au uvifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kutoka, uvifungue vikishapata joto la nje. Ukiufuta ule ukungu unarudi palepale.

Kwenye mwanga, kamera inadanganywa na bahari. Inaona maji yanayong'aa, inapunguza mwanga, na sura za watu wetu zinatoka nyeusi tii bila macho. Pima mwanga usoni, au ongeza mwanga kwa kipimo (stopu) kimoja, huku ukichunga gauni jeupe lisitoke jeupe tupu. Kama anga unaitaka na yenyewe, tumia flashi: shata (muda kamera inaopokea mwanga) 1/200, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya chini, kisha bana tundu la lenzi, yaani namba ya f iwe kubwa, mpaka anga irudishe rangi, flashi ubavuni upande uleule wa jua. Beba tishu au karatasi za kufyonza mafuta. Mng'ao wa jasho kwenye paji la uso hauondoki vizuri kwenye kompyuta. Na mstari wa bahari usipite shingoni wala kichwani mwa mtu. Piga magoti kidogo uupeleke kifuani, au panda juu upite juu ya vichwa.

Hawa wasiotaka kupangwa, usiwaambie "kuweni huru", watasimama kama wako kwenye foleni ya pasipoti. Wape kazi. Watembee kwenye mchanga mbichi, ule mgumu, visigino havizami. Mpambe abebe ndala na kanga ya kukalia. Wanunuliane madafu. Kama ni upande wa Coco, mihogo ya kukaanga na pilipili inatoa cheko ambalo hakuna pozi litalitoa, ila kachumbari ikae mbali na gauni. Wewe simama mita 5 au 6 na 85 yako, usiongee sana, na usishushe kamera wakimaliza kucheka. Picha nzuri mara nyingi iko sekunde mbili baada ya hapo, wanapotazamana.

Ukumbini zungumza na mtu wa video kabla wageni hawajaingia. Taa yake kubwa ikikaa mbele ya keki inalaza sura zote. Mwombe aiweke pembeni, nyuzi 45, nawe utaitumia hiyohiyo. MC awaombe wageni wenye simu warudi hatua tatu kabla ya keki au ndafu, si wakati kisu kimeshashikwa.

Bounsi ya flashi, yaani kuipiga juu ili mwanga urudi kwa watu, inategemea paa. Hema jeupe linarudisha mwanga vizuri. Makuti yanaumeza, na kidogo kinachorudi kina rangi ya kahawia. Chini ya makuti au mahali pasipo na paa weka flashi mbili kwenye stendi, kona mbili zinazotazamana za sehemu ya kuchezea, urefu mita 2 na nusu, zikitazama chini kidogo, kila stendi na mfuko wa mchanga kilo 5. Anza na ISO 1600, f/3.5, shata 1/50, nguvu ya flashi 1/16, kisha rekebisha. Taa za dijei za zambarau na bluu zikimpiga mtu usoni rangi haiponi. Muda wa hotuba mwombe dijei azizime, wengi hawakatai.

Zawadi zina mbinu yake, na hapa ndipo usingizi wa wiki nzima unapookolewa. Vikundi vitakuja vikicheza, kila kimoja kinataka picha na maharusi. Weka utepe sakafuni wanaposimama, f/5.6, ISO 800, shata 1/100, nguvu ya flashi uiweke mwenyewe, usiache otomatiki, na usibadilishe umbali wako. Picha zote zitatoka na mwanga mmoja, utarekebisha moja na nyingine zinafuata. Kikundi sekunde 15, picha tatu, maana kwenye mbili kuna aliyefumba macho.

Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, usiirushe kwa sababu tu kamati imeomba. Barabara za Kivukoni zina mandhari nzuri, lakini Ikulu na maeneo ya jeshi hayapigwi picha. Kama ni nikahi, uliza mapema kama upande wa wanawake unaruhusiwa kupigwa na nani azione picha.

Ukirudi usiku usifute kamera na kitambaa kikavu, chembe za chumvi na mchanga zinakwaruza. Puliza kwanza, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, hasa kwenye miguu ya stendi na sehemu ya kufungia flashi. Kamera kama inaandika kwenye kadi mbili, iandike zote mbili kwa pamoja. Kadi zisifutwe mpaka picha zikae kwenye diski mbili, na moja isilale kwenye begi lile la kamera.