Kabla Hujajiita Mtaalamu wa Tiba ya Sanaa

Mama mmoja wa Majengo, Mombasa, alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne mkobani. Mwanawe alikuwa amechora nyumba isiyo na mlango. "Dada, nisomee," akaniambia, kwa sauti ile ile ya mtu aliyekaa mbele ya mpiga ramli. Nikamjibu kwamba siwezi kusoma picha ya mtoto nisiyemjua. Hakupendezwa.

Vijana wengi wanaoniuliza njia ya kuingia kazi hii ya tiba ya sanaa, yaani kumsaidia mtu aliyeumia moyoni kwa kuchora na kufinyanga, nao wanataka ramli: nyeusi maana yake huzuni, jua kubwa maana yake baba. Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Siku zangu za mafunzo ya kazini, katika makao fulani ya watoto, msichana mmoja alichora kila kitu kwa rangi nyeusi: mnazi, mbuzi, hata mwezi. Nikamwendea mlezi wao na maelezo marefu ya majonzi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafungua kopo la kalamu za rangi. Ilikuwa imebaki nyeusi peke yake. Nyingine wakubwa walishazigombania. Aibu ile ninayo hadi leo.

Kabla ya hapo nilikuwa mchora hina, Mji wa Kale. Bibi harusi akishapakwa mikono na miguu hawezi hata kujikuna pua, basi huongea. Nilisikia mambo ambayo hata mama zao hawakuyajua. Nikadhani tayari ninatibu watu, kumbe nilikuwa nimejifunza kunyamaza tu. Si kitu kidogo, lakini ukishamfungua mtu lazima ujue utafanya nini na kilichotoka, na hapo ndipo masomo yanapohitajika.

Jina la tiba ya sanaa lilianzishwa mwaka 1942 na mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, ambaye alipolazwa kwa kifua kikuu alichora ili asizame katika mawazo, kisha akawavuta wagonjwa wenzake. Chama cha wataalamu wa Uingereza kiliundwa 1964, cha Marekani 1969. Leo Uingereza huwezi kujiita hivyo kiholela: jina linalindwa na sheria, na unahitaji shahada ya uzamili iliyoidhinishwa. Tena wakati wote wa masomo mwanafunzi naye anakwenda kwa mtaalamu kutibiwa mambo yake. Hilo nalipenda sana. Usimwingize mwenzio kisimani ambamo wewe hujawahi kushuka.

Huku kwetu anza na saikolojia ya ushauri nasaha, diploma au digrii, kadiri karo inavyoruhusu. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, na bila kusajiliwa na kupata leseni huna ruhusa ya kufanya kazi hiyo. Cheti cha wikendi mbili cha intaneti hakikupeleki popote. Mimi ninacho kimoja, nimefungia vitabu. Huku ukisoma, usiache kuchora, maana vyuo vya nje huomba kuona mkusanyo wa kazi zako pamoja na masomo ya saikolojia. Ukitaka uzamili wenyewe bila kuvuka bahari, Chuo Kikuu cha Johannesburg kinaufundisha. Lakini usiuze kiwanja cha baba kabla hujafanya kazi na watu halisi mwaka mmoja miwili chini ya msimamizi. Wapo wanaogundua kwamba walichopenda ni rangi, watu hawawawezi.

Na kazi yenyewe ni ya vitu vidogo. Penseli hufutika, kwa hiyo humpa mtu mwenye hofu nafasi ya kujishika. Rangi ya maji hukimbia popote itakapo; ukimpa siku ya kwanza mtu aliyejaa kilio, inaweza kukimbia naye. Udongo ni mzito, unapigika, haulalamiki. Kwa kikundi cha wanawake huwa naomba kila mmoja alete kanga ambayo jina lake linasema asichoweza kusema. Hapo sihitaji kueleza lolote, kwa sababu mabibi zetu wametuma salamu na mafumbo kwa kanga tangu zamani. Mmoja aliwahi kuitandika yake chini, akaikalia, akakataa tusiisome. Tukaiacha hivyo hivyo.

Mshahara? Sijawahi kuona Mombasa tangazo la kazi lenye jina hili. Utaajiriwa kama mshauri nasaha, shuleni, hospitalini au kwenye shirika, na sanaa utaingia nayo mwenyewe. Shirika moja nililofanyia kazi lilitaka kubandika michoro ya watoto mtandaoni ili wafadhili waione. Nilikataa, mkataba wangu haukurudiwa. Alichochora mtu mbele yako ni siri yake na mali yake, hata akiwa na miaka sita.

Yule mama wa Majengo alirudi Jumamosi, safari hii na mtoto, karatasi kaiacha nyumbani. Tuliketi mkekani na bonge la udongo, hatukuongea sana. Mtoto akafinyanga samaki mwenye miguu, akaniuliza kama anaweza kwenda naye. Nikamfungia kwenye gazeti.