Wadudu Walio Chini ya Mawe Wanasema Nini Kuhusu Mto?

SWALI: Ninaishi wilayani Rungwe, karibu na kijito kinachoingia mto Kiwira. Watoto wakigeuza mawe huona vidudu vingi vyenye mikia, na baadhi ya majirani wanadai kwamba maji yenye wadudu ni machafu, kwa hiyo wanataka yatiwe dawa. Je, wana haki? – Msomaji, Rungwe.

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali wasihi majirani wasitie dawa yoyote, kwa kuwa huenda wadudu hao ndio ushahidi kwamba kijito chenu bado ni kizima.

Wadudu wengi wa mtoni huanza maisha wakiwa tunutu au mabuu majini, nao hukaa humo kwa wiki au miezi kadhaa kabla ya kuota mabawa na kuruka. Wengi wao hutegemea oksijeni iliyoyeyuka majini, na sumu ikipita hawana pa kukimbilia. Chupa ya maji inayopelekwa maabara hueleza hali ya saa ile ilipochotwa tu; lakini bomba la kupulizia dawa likioshewa mtoni jioni, hata kama kufikia asubuhi maji yameshaibeba sumu yote hadi Kiwira, upungufu wa tunutu chini ya mawe utaonekana kwa muda mrefu baadaye.

Mtazameni mdudu mwenyewe. Mwenye mikia mitatu, na mashavu ya kupumulia yanayotikisika ubavuni mwa tumbo, ni wa kundi la Ephemeroptera, na aina zake nyingi hazistahimili uchafu. Mwenye mikia miwili na kucha mbili katika kila mguu yaelekea ni wa Plecoptera, ambao ni dalili njema zaidi. Hata hivyo, katika mito ya kitropiki aina zao ni chache kuliko katika mito ya baridi ya Ulaya, hivyo kuwakosa peke yake hakuthibitishi kwamba mto umeharibika. Kwa sababu hiyo wataalamu wetu wana mfumo wa Tanzania wa kupima hali ya mto kwa wadudu wake, TARISS, uliotokana na ule wa Afrika Kusini, SASS, ambamo kila familia ya wadudu hupewa alama kulingana na inavyostahimili uchafu, na zile nyepesi kudhurika hupata alama za juu.

Jambo la kuogopa ni tunutu hao kutoweka huku wakibaki mabuu wembamba wekundu, ambao wekundu wao unatokana na himoglobini inayowawezesha kuishi penye oksijeni haba. Katika wilaya za kahawa kama yenu, hali hiyo huweza kuletwa na maji yaliyotumika kumenyea na kuoshea kahawa: bakteria huila sukari iliyomo na kuimaliza oksijeni, tena katika kiangazi, wakati mto umepungua na hauna nguvu ya kuuzimua uchafu huo.

Pimeni wenyewe wakati wa kiangazi, kwa sababu mafuriko ya masika huwasomba hata wadudu wa mto safi. Chagueni sehemu mbili zinazofanana, zenye mawe na maji yaendayo kasi, moja juu ya mashamba na nyingine chini yake. Sugueni mawe huku chekeche likiwa limekingwa upande maji yanakoelekea, mimineni katika beseni jeupe, hesabuni aina badala ya idadi, kisha rudisheni mawe mahali pake. Tofauti kubwa kati ya sehemu hizo mbili inastahili kufikishwa kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa.

Hata hivyo, wadudu hawa hawawezi kuwaambia kama maji yana vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo, kwa hiyo maji ya kunywa yachemsheni. Na inzi weusi wadogo wanaoeneza ugonjwa wa usubi, ambao mnaufahamu huko Rungwe, nao huzaliana katika maji yaendayo kasi yenye oksijeni tele. Mkiwaona mabuu wao wamejishikiza kwenye mawe au majani, toeni taarifa kituo cha afya, lakini msiwaue wenyewe kwa dawa ya shambani, kwani itawaua pamoja na wale wengine wote.