Jamaika ingekuwa jimbo la Marekani?

SWALI: Shikamoo kaka. Juzi kinyozini hapa Majengo, Moshi, kuna picha kubwa ya Bob Marley ukutani, jamaa akasema Jamaika wangeungana na Wamarekani kumpiga Mwingereza mwaka 1776 saa hizi wangekuwa jimbo tajiri na weusi wa kule wangepata uhuru mapema. Tulibishana mpaka kinyozi akanipitishia mashine vibaya upande mmoja. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na kichwa. Makoloni 13 ndo yaliasi ila Mwingereza alikuwa na mengine kibao huko, Jamaika, Barbados, Antigua, na hasira za kodi zilikuwepo visiwani pia, mwaka 1765 watu wa St. Kitts walifanya fujo wakachoma karatasi za stempu zilizokuwa za kodi hiyo. Sasa sikia hii. Desemba 1774 baraza la Jamaika, yani matajiri weupe wa mashamba, wakamwandikia mfalme kuwatetea wenzao wa Marekani, halafu barua hiyohiyo wakasema wao kuasi hawawezi kabisa, manake weupe ni wachache mno na watumwa ni zaidi ya 200,000. Umeona hapo? Wanaemuogopa sio mfalme, ni yule anaewakatia miwa. Walishaonja uasi wa watumwa ulioongozwa na Tacky mwaka 1760, na mwaka 1776 wanajeshi wanaondolewa kwenda vitani Marekani, watumwa wa Hanover, hukohuko Jamaika, wakapanga kuinuka, bahati mbaya siri ikavuja.

Na sukari yao soko lilikuwa Uingereza, linalindwa kisheria. Wewe umekaa jirani na miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, hebu fikiria mzigo wote huo halafu mnunuzi wako ndo umemtangazia vita, na meli zake za kivita ziko mlangoni.

Haya tuseme wameasi na wameshinda. Uingereza ilifuta utumwa makoloni ya huko 1834, wakaachiwa kikweli 1838. Marekani mpaka 1865, tena baada ya vita. Mimi naona mabwana wa Jamaika wangekaa benchi moja na wale wenye watumwa wa Virginia na South Carolina kule Marekani, na mjukuu wa mtumwa angesubiri zaidi, sio pungufu. Jamaa wa kinyozini hapo kachemka.

Akitaka kisiwa kilichoasi kweli mwambie Haiti, 1791 hadi 1804, japo pale aliyepigwa ni Mfaransa na waliompiga ni watumwa wenyewe.