Jibu: Unga unadondoka kwenye boriti Bagamoyo, wadudu bado wamo?

Mkuu, umeuliza kama simu inaweza kusikia wadudu ndani ya boriti za nyumba yako ya Mji Mkongwe kabla fundi hajabomoa dari. Simu peke yake, hapana. Maiki yake husikiliza hewa, na programu nyingi za kurekodi hufuta tik fupi zikidhani ni kelele. Unahitaji kitu kinachogusa mti.

Tafuta kisahani cha piezo (kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme) cha milimita 27, kile kilichomo ndani ya baza, king'ora kidogo cha umeme. Kiunge kwa waya wa maiki wenye wavu, la sivyo utarekodi mvumo wa umeme. Funga skrubu nyembamba kwenye boriti iingie sentimita 3, kisha gandisha kisahani kwenye kichwa chake kwa gundi inayokauka ngumu. Gundi laini humeza sauti. (Mlango wa nakshi usiutoboe, bandika kwa nta.) Kisahani kiingie kwenye kikuza sauti chenye ukinzani wa megaohm 1, halafu rekoda, kwa WAV (faili la sauti isiyobanwa) ya 44,100 Hz. MP3 achana nayo.

Anza sentimita 20 kutoka ukutani, maana ncha iliyozama kwenye chokaa ndiyo hushika unyevu na ndipo mchwa huingilia. Sauti hufuata nyuzi za mti vizuri kuliko kuzikata, na hairukii boriti ya jirani, kwa hiyo kila moja ipimwe yenyewe, kila sentimita 50, dakika 15.

Rekodi usiku wa manane, feni na friji zimezimwa. Mchana na jioni mabati hualika kwa joto na kupoa, nawe utahesabu bati ukidhani ni wadudu.

Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kata kila kilicho chini ya 1,500 Hz, fungua spektrogramu (picha ya sauti kadiri muda unavyopita). Kuguguna ni mistari wima myembamba ya milisekunde chache, inakuja kwa mafungu, kisha kimya. Tone la maji huja kwa vipindi sawa. Panya hukwaruza kwa muda mrefu.

Ukiwa na shaka, gonga boriti mara 3 kwa mpini wa bisibisi. Mabuu kwa kawaida hunyamaza, kisha huanza tena baada ya muda; mti unaopasuka kwa joto haujali. Mchwa askari wanaweza kujibu kwa kupigapiga vichwa, mfululizo wa haraka. Rekodi pia ukuta mtupu: tik zilezile zikiwapo, zinatoka kwenye paa au waya wako.

Unga wenyewe uangalie kwa kioo cha kukuza. Punje zenye pande 6 ni za mchwa wa mbao kavu. Ulio laini kama wa ngano ni wa mbawakawa.

Mayai hayana sauti, basi kimya cha usiku mmoja hakitoshi. Na boriti iliyokwisha kuliwa, wadudu wakafa, nayo iko kimya: ichome kwa bisibisi kali. Zinazolia zitie alama ya chaki na uache skrubu palepale, ili baada ya dawa upime sehemu ileile.