Barafu au maji ya moto? Maswali yenu kuhusu kukanda

Maswali ya kukanda yamejaa wiki hii, nachukua yale yanayojirudia.

Nimeteguka enka jana mpirani, imevimba sana. Nyumbani wanasema nikande na maji ya moto na chumvi, sawa?

Hapana, leo moto usiusogeze hapo kabisa. Enka ikiteguka vimishipa vya damu ndani vinachanika ndo maana imejaa, sasa ukiweka moto mishipa inatanuka, damu inakuja zaidi, uvimbe unaongezeka na kesho kiatu hakiingii. Siku mbili tatu za kwanza ni baridi: chukua barafu ya kifuko ya dukani, iponde, ifunge kwenye kitambaa au kanga kuukuu, weka dakika 15 mpaka 20 alafu toa, rudia baada ya masaa mawili hivi. Usiibandike kwenye ngozi tupu, barafu nayo inaunguza. Mguu uweke juu ya mto, na yule wa kuchua na kuvuta mtaani mwambie hapana. Kama huwezi kukanyaga hata hatua nne nenda kapige eksirei.

Mbona kocha wetu anasema barafu inachelewesha kupona?

Hajatunga. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeitangaza ile kanuni ya kupumzisha, barafu, kubana na kuinua mwaka 1978, mwenyewe 2014 aliandika kwamba barafu inaweza kuchelewesha, kwasababu ule uvimbe ndo unaoleta seli za kukarabati palipoumia. Mi naona hivi, barafu ni ya kutuliza maumivu mwanzoni, sio ya kuponya, kwahiyo usikae nayo wiki nzima na maumivu yakipungua anza kuuzungusha mguu taratibu.

Naendesha bodaboda, kila asubuhi mgongo umekaza.

Hapo ndo pa moto. Chupa ya maji ya moto ifunge na taulo, weka kiunoni dakika 15 hadi 20, misuli ikilegea jinyooshe kabla hujawasha pikipiki. Usilale nayo usiku kucha. Ila mgongo ukiambatana na ganzi sehemu za siri au mkojo kugoma, hiyo ni hospitali sasa hivi.

Maumivu ya period je?

Joto, chini ya kitovu, linasaidia kweli.

Mama ana kisukari, miguu ina ganzi, anapenda kuiloweka kwenye maji ya moto.

Mzuieni jamani, kwa upendo lakini mzuieni. Mguu wenye ganzi hauwezi kumwambia kwamba unaungua, yeye anahisi vuguvugu tu kumbe ngozi inababuka, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari watu wanapoteza mguu kwa hicho. Barafu pia asiweke. Aoshe miguu kwa maji ya vuguvugu, maji yapimwe na mtu mwingine kwa kiwiko, aikaushe mpaka katikati ya vidole, na mwangalie nyayo zake kila siku.

Nimejifungua kwa oparesheni wiki iliyopita, mama mkwe anataka kunikanda tumbo na maji ya moto sana, anasema damu chafu itabaki ndani.

Hongera dada. Najua anakupenda, kukanda ndo ulezi aliolelewa nao, ila maji ya moto juu ya mshono hapana. Ngozi ya kuzunguka kidonda inabaki na ganzi muda mrefu, utaungua bila kusikia, na kidonda kikiloa loa kinaweza kufumuka au kutunga usaha. Hiyo damu kizazi kinaitoa chenyewe kwa kujikaza, na mtoto akinyonya kinajikaza zaidi ndo maana tumbo linakata ukiwa unanyonyesha, maji ya juu ya ngozi hayafiki huko. Mwache akukande mgongo na mabega kwa kitambaa cha vuguvugu, atakuwa amekulea na utalala vizuri. Mguu mmoja ukivimba na kigimbi kikauma asiuchue hata kidogo, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, muende hospitali siku hiyo hiyo. Na waliojifungua kawaida wakashonwa, masaa 24 ya kwanza ni kitambaa cha baridi, baada ya hapo kukalia beseni safi la maji ya vuguvugu kama dakika 10. Homa, harufu mbaya au usaha, msisubiri kliniki ya wiki ya sita.