Hujashindwa kusimama, umelala vibaya: jibu kwa ndugu wa Kakamega anayejifunza ubao wa mawimbi

Ndugu wa Kakamega, umeuliza mambo matatu. Umekwenda Malindi mara mbili na hujawahi kusimama juu ya ubao zaidi ya sekunde moja, je, ununue ubao mfupi unaogeuka upesi? Kuna mazoezi ya kufanya huku bara? Na Ziwa Victoria je, si lina mawimbi?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu. Dada yangu ameolewa Malindi, kwa hiyo likizo ya Agosti ikifika napanda basi hadi Nairobi, kisha Mombasa, kisha matatu. Siku ninazopata majini kwa mwaka mzima hazifiki kumi. Usinichukulie kama bingwa, ila hilo la kuishi mbali na bahari nalijua vizuri.

Tuanze na ubao, maana hapo ndipo pesa hupotea. Usinunue, na hasa usinunue mfupi. Agosti yangu ya kwanza jamaa mmoja wa kukodisha alinitazama mabega, akanipa ubao mgumu wa futi 6, eti ndio wa wanaume. Siku mbili nzima nilipinduka kama chapati. Ya pili ulinigonga kidevu, nikarudi kwa dada na plasta, shemeji akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Ubao mfupi ukiulalia unazama, na wimbi linakupita kabla hujapata kasi. Baadaye mtu mwingine alinipa ubao wa sponji wa futi 9, mkubwa kama mlango, na siku hiyo hiyo nikateleza na wimbi. Unashika wimbi mapema, unatulia, na ukikuangukia hauumizi sana. Huu ni mwaka wangu wa nne na bado nakodi futi 8.

Sasa shida yako yenyewe. Nakuwekea dau, bila hata kukuona, kwamba unaharibu kabla ya kusimama, pale unapolala. Ukilala nyuma mno, pua ya ubao inaelekea juu, mkia unaburura maji, na wimbi linapita chini yako likikuacha hapo hapo. Ukilala mbele mno, pua inachimba maji nawe unaruka kichwa chini. Mahali pake ni pale ambapo umelala umetulia na pua imekaa vidole vitatu vinne hivi juu ya maji. Ukishapapata, angalia kidevu chako kimelingana na nini kwenye ubao, mchoro au mkwaruzo wowote, ulale hapo kila mara. Mimi nilijitilia alama kwa nta.

Halafu bana miguu pamoja. Wageni tunaipanua kama chura ili tusipinduke, na miguu inayoning'inia majini ni breki. Inua kifua, zamisha mikono mpaka karibu na kiwiko, vuta kwa nguvu kutoka mbele hadi kiunoni. Usipigepige maji juu juu kama mtu anayefukuza nzi. Ukihisi wimbi limeushika mkia na ubao unaanza kwenda wenyewe, usisimame bado! Vuta tena mara mbili tatu. Tulio wengi tunaruka kusimama pale tunapohisi tu kusukumwa, wimbi lenyewe halijatubeba, ubao unasimama nasi tunaanguka nyuma.

Yote hayo yafanyie ndani ya povu, maji ya kiunoni, pale wimbi limeshavunjika na linakimbilia ufukweni. Watu wanalidharau povu, wanaona ni la watoto. Agosti ya pili nilikaa kwenye povu siku zote, vijana wakinipita kwenda nje kwenye mawimbi ya kijani, yale ambayo hayajavunjika, na hakuna likizo niliyojifunza zaidi ya hiyo. Kwenye povu unapata majaribio thelathini kwa asubuhi moja. Kule nje mgeni akipata matatu ashukuru, na yote matatu atakuwa anamkata njia mtu mwingine.

Mazoezi ya bara ndiyo yaliyonitoa. Chaki mwalimu hakosi, basi nilichora umbo la ubao kwenye saruji ya veranda, urefu futi 9, na mstari katikati. Lala juu yake. Viganja viwe kando ya mbavu, bapa, usishike kingo, kwa sababu majini ubao utainamia upande unaouvuta zaidi. Sukuma kifua juu kwanza, kisha vuta miguu chini ya tumbo kwa mpigo mmoja, wa mbele utue katikati ya viganja, wa nyuma nyuma yake, nyayo zote zikikata ule mstari badala ya kuufuata. Kunja magoti. Usikunje kiuno ukawa kama anayeokota kuni. Mara ishirini kabla ya chai ya asubuhi, ishirini jioni, majirani wakikuuliza waambie ni daktari.

Wiki ya kwanza nilijiona nimeiva. Ndipo binti yangu wa Gredi ya 7 akanirekodi kwa simu kutoka ubavuni. Goti la nyuma lilikuwa linagusa saruji kila mara, kidogo tu, nami ningeapa haligusi. Majini mguso huo ndio unaokuacha umepiga magoti mpaka wimbi limekwisha. Na kila nilipoinuka nilitazama miguu yangu. "Baba, umeangusha nini hapo chini?" akaniuliza.

Nilicheka, kisha nikamkumbuka kijana aliyenifundisha Malindi, ambaye kwa umri angekuwa mwanafunzi wangu lakini kule mimi ndiye mwanafunzi. Mwaka uliotangulia alikuwa akinipigia kelele kutoka ufukweni: "Mwalimu, miguu hiyo haiendi popote, mbona waichunga? Tazama minazi!" Nilidhani ni utani wa Kipwani. Kumbe kichwa ni kizito, kikiinama mabega yanafuata, uzito wote unakwenda mbele na pua inachimba. Nilibandika karatasi nyekundu ukutani usawa wa macho, ikawa minazi yangu. Niliporudi Agosti hiyo, siku ya kwanza, nilisimama nikaenda mpaka mapezi ya ubao yakagusa mchanga. Kwa hiyo rekodi. Bila video utajidanganya.

Bwawa la kuogelea nalo lina kazi. Hoteli nyingi zinaruhusu watu wa nje kwa ada, jaribu mara moja kwa wiki. Muda mwingi majini huwa unavuta maji na kusubiri, kusimama ni sekunde chache, na mabega yakichoka ndani ya nusu saa siku yako imekwisha.

Kuhusu ziwa. Alasiri upepo unapovuma kutoka ziwani kuja mjini, pale ufuoni Dunga unaona vijiwimbi vyenye povu na mtu unatamani. Lakini hayo si ya kuteleza. Mawimbi makubwa ya Malindi huzaliwa na upepo wa mbali baharini. Yakiwa safarini yale marefu huyatangulia mafupi, yanajipanga, yanafika kwa makundi, na kati ya moja na jingine unapata sekunde kadhaa za kupumua. Ya hapa kwetu ni ya upepo wa hapa hapa, ndani ya Ghuba ya Winam iliyo nyembamba na isiyo na kina kirefu, yanafuatana kama watoto wanaotoka darasani na hakuna linalokusukuma. Maji matamu pia yanakubeba kidogo kuliko ya chumvi. Ongeza kichocho, kinachoingia kupitia ngozi kwenye maji ya kando yenye konokono, na viboko, ambao hawajui kwamba unafanya mazoezi.

Ila kuna kimoja nilichokiokota Dunga, kwa kumtazama mvuvi anavyoingiza mtumbwi upepo ukiwa umekaza. Pua inakabili wimbi, halipewi ubavu hata mara moja. Ubao nao uingize hivyo hivyo, pua ikielekea mawimbi na wewe uko kando yake. Usiuweke kati yako na wimbi, utakupiga mdomoni.

Safari yako ijayo iweke Julai au Agosti, msimu wa Kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Sehemu kubwa ya pwani yetu miamba inayazuia mawimbi, ndiyo maana fuo nyingine maji yametulia kama ya karai, ila ghuba ya Malindi iko wazi zaidi. Ingia asubuhi, upepo haujachafua maji. Uliza maji yanajaa saa ngapi, kwa sababu siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na ufuo wa saa mbili asubuhi si ufuo wa saa nane. Mto Sabaki unamwaga tope karibu na hapo, kwa hiyo ukikuta maji ya kahawia usishtuke. Ukianguka, anguka bapa, funika kichwa kwa mikono, usipige mbizi. Mkondo ukikuvuta nje, ng'ang'ania ubao, kata kwenda upande sambamba na ufuo mpaka utoke, usishindane nao.

Jambo la mwisho, na lingepaswa kuwa la kwanza: je, unajua mguu wako wa mbele ni upi? Nilimwiga kijana wa Malindi, nikatanguliza wa kushoto kama yeye. Jioni moja nimesimama veranda naongea na simu, binti yangu akaja kimya akanisukuma mgongoni, alikuwa ameona watu wakijaribu hivyo kwenye video. Mguu uliotoka kujizuia ulikuwa wa kulia. Nilifuta chaki, nikaanza upya nikitanguliza wa kulia, na lile goti likaacha kugusa saruji siku ile ile.