Maswali ya Wasomaji: Siku ya watumiaji wa Joomla mjini Kigoma

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtengenezaji wa tovuti hapa Mwanga, Kigoma. Kwa miaka minne nimekuwa nikitumia Joomla kutengenezea tovuti za shule, nyumba za wageni na wafanyabiashara wa mawese. Tuko kumi na wawili tunaofanya kazi hii, na tungependa kuandaa mkutano wa siku moja utakaoendeshwa kwa kujitolea. Kila tunapokaa tunakwama palepale: wapo wanaouliza posho, na wapo wanaotaka tusubiri mfadhili wa kulipia ukumbi mkubwa na kuwaleta wazungumzaji kutoka Dar es Salaam. Tuanzie wapi?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, programu mnayoitumia ina jina lililotoka katika lugha yetu wenyewe. Mwaka 2005, watengenezaji wa programu iliyoitwa Mambo walitofautiana na kampuni ya Australia iliyokuwa na haki ya jina hilo, wakajitenga na kuendelea na kazi ileile kwa jina la Joomla, ambalo ni neno “jumla” lililoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Tangu hapo imeandikwa, imefasiriwa na kurekebishwa na watu wanaojitolea, chini ya leseni ya GPL inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuigawa. Mikutano ya JoomlaDay imezaliwa na desturi hiyohiyo, kwani huandaliwa na watumiaji wa mahali husika. Ndiyo maana hoja ya kusubiri mfadhili siiafiki hata kidogo. Watu kumi na wawili wenye tovuti zinazofanya kazi wana mengi ya kufundishana kuliko mgeni wa saa moja asiyewajua wateja wenu.

Niliwahi kuhudhuria mkutano wa namna hii uliokuwa na hotuba saba mfululizo. Dada mmoja alikuwa amekuja na tovuti ya shule iliyokwama tangu alipojaribu kuipandisha toleo, na hadi saa nane mchana hakuna aliyekuwa ameitazama. Wakati wa chai, kijana mmoja alisogeza sahani ya maandazi, akaweka kompyuta yake juu ya friza la soda, wakaanza kuzima programu-jalizi za tovuti ile, yaani vile viprogramu vya ziada vinavyoongezwa juu ya Joomla, moja baada ya nyingine hadi wakaipata iliyokuwa ikileta kosa. Watu wakawazunguka, na hakuna aliyerudi ukumbini kwa wakati. Pale juu ya friza ndipo palipokuwa na mkutano wenyewe, nami nawasihi muuandae wenu kwa mtindo huo: hotuba mbili fupi asubuhi, kisha meza za matengenezo hadi jioni.

Kazi ya mezani haitakosekana. Joomla 3 iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 17 Agosti 2023, na bila shaka baadhi ya wateja wenu bado wako huko. Tovuti ya namna hiyo hairuki moja kwa moja hadi toleo la 5. Hufikishwa kwanza toleo la 3.10, ikapandishwa hadi la 4, ndipo iende mbele, na violezo vya zamani, yaani mafaili yanayoipa tovuti sura yake, mara nyingi hugoma njiani. Kila mshiriki aje na nakala kamili ya tovuti yake, iliyotolewa kwa Akeeba Backup, programu ya kutengenezea nakala za tovuti, au kwa njia nyingine anayoiamini, airejeshe ndani ya kompyuta yake kwa kutumia XAMPP, programu inayoifanya kompyuta ya kawaida iweze kuendesha tovuti, na kufanyia majaribio humo bila kuigusa tovuti iliyo hewani. Mafaili yote ya kusakinishia programu hizi muwe nayo kwenye flashi tangu jana yake, kwa sababu watu thelathini wakianza kupakua kwa pamoja, intaneti ya ukumbi itazidiwa. Soketi nazo mzihesabu mapema.

Kuhusu posho, semeni wazi tangu kikao cha kwanza kwamba haipo, kwa mwandaaji wala kwa mzungumzaji. Nauli na chakula kwa anayetoka Kasulu au Uvinza ni jambo jingine, nami naona ni haki yake. Michango yote iandikwe kwenye daftari moja ambalo kila mwanakikundi anaweza kulifungua. Mkitaka kutumia jina la JoomlaDay, ombeni kwanza idhini kwa Open Source Matters, shirika lisilo la faida linalosimamia jina hilo, kabla hamjachapisha tangazo lolote.

SWALI: Sisi tuko Tabora. Je, tuungane na wenzetu wa Kigoma, na mkutano uendeshwe kwa lugha gani?
Msomaji, Tabora

JIBU: Unganeni. Reli ya Kigoma na ile ya Mwanza hukutana kwenu, kwa hiyo mkutano wa pili ukifanyika Tabora utawafaa wengi. Uendeshwe kwa Kiswahili. Tafsiri za Joomla hufanywa na watu wa kujitolea wa kila lugha, hivyo tengeni meza moja ya watu wanne wakubaliane juu ya maneno wanayoyatumia kila siku kazini, kama vile kiolezo, moduli na menyu, na wayajaribu kwa mwalimu au karani ambaye hajawahi kuifungua Joomla. Neno asilolielewa yeye libadilishwe hapohapo.